Siku darasa zima lilipogeuka

Mi nimekulia Arumeru, chini ya mlima Meru, na mtu wa kule akicheka tu unajua katoka wapi, meno ya kahawia. Nyumbani hakuna anayeshangaa, baba anayo, mchungaji anayo, mwalimu wa msingi alikuwa nayo. Sasa nikamaliza la saba nikaletwa Dar kwa mama mdogo, Temeke, nikaanza sekondari, darasa zima meno meupe, na ndo umri wenyewe ule wa kujitazama kwenye kila kioo.

Nikawa naona macho kila mahali. Wakicheka nyuma yangu mstarini asubuhi basi ni mimi. Konda akisema madenti simameni, mi najua kanitazama mdomo. Dukani nilikuwa naonyesha kwa kidole nisije nikaongea. Nikazoea kucheka na mkono mdomoni, afu baadaye nikaacha kucheka kabisa, na usiku nasugua meno kwa mkaa uliosagwa mpaka fizi zinatoa damu, kumbe haisaidii kitu maana ile rangi haiko juu ya jino, imo ndani, imeingia utotoni wakati meno ya ukubwani yanatengenezwa. Na hakuna mtu aliyewahi kunitania, hata mmoja. Ila nilikuwa na uhakika kabisa nikitoka tu wanaanza kunisema.

Tukafika kidato cha tatu. Kipindi cha kemia, madam anafundisha florini, akasema hii ndo inayofanya watu wa Arusha na Kilimanjaro wengine wawe na meno ya kahawia, kuna mtu anajua inafikaje mdomoni? Mi nikainamia daftari, moyo unapiga. Mvulana mmoja kule nyuma akajibu, madam si kwa sababu hawapigi mswaki. Darasa likacheka.

Hapo ndo sijui nilisimamaje. Nilimuona baba. Baba anakata mswaki wa mti kila alfajiri kabla hajaenda shamba, hanywi hata chai hajapiga mswaki, mtu msafi sijaona, na huyu anamwita mchafu mbele yangu. Nikasema sio kweli, ni maji! Sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka na vichwa vyote vikageuka, yaani safari hii wananitazama kweli, nilichokuwa nakiogopa muda wote ule ndo hicho sasa.

Nikaendelea tu. Nikawaambia maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano ndo yanabeba floraidi, yaani hiyohiyo florini ikiwa imeyeyuka majini, tunayanywa tangu tukiwa wadogo, na magadi tunayopikia makande nayo inayo. Nikasema angalieni, nikawaonyesha meno. Kimya. Afu maswali yakaanza, mtu mzima akihamia kule nae yatabadilika? Hapana, yakishaota yameshaota. Ng'ombe je? Hata ng'ombe wa kule yanawapata. Nikawaambia kuna watoto miguu yao imepinda kwa maji hayohayo, hapo sauti ikanikatika kidogo, maana mmoja tulicheza nae. Madam akaongezea kwamba kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima kule vinapita mara nyingi zaidi, na kwamba Ngurdoto kuna kituo wanachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hicho kituo nilikuwa nimeshakisikia nyumbani, ila kukisikia kinatajwa darasani Dar, kama kitu cha kusoma na kuandika, kulinifurahisha mno.

Kengele ilipolia yule tuliyekuwa tunakaa dawati moja akaniambia, mi sikujua una meno hayo. Nikadhani ananipa moyo tu. Akaapa. Tumekaa wote tangu kidato cha kwanza, tunakula mihogo pamoja, hajui!

Nimekuja kusoma ukubwani kwamba mwaka 2000 watafiti wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti ambao wanafunzi walivalishwa fulana ya kuwaaibisha wakaingizwa chumbani kwa wenzao, wao wakakadiria karibu nusu wameiona, kumbe waliogundua ni kama robo tu. Naamini. Ila fulana unaivua ukitoka, na mi naona hapo ndo mtoto mwenye kovu au chunusi au meno kama yangu anapoteseka zaidi, hana pa kuivua.

Tukiwa tunaelekea kituoni yule rafiki akasema lingine. Kwamba darasani wengi walijua naringa. Kila wakicheka mi nimefunika mdomo nimetazama pembeni, wakajua nawaona washamba. Hilo liliniuma kuliko meno. Nikamwambia mimi niliyetoka kijijini nimuone nani mshamba, akasema sa tungejuaje na wewe huongei. Tukabishana njia nzima, daladala zinatupita maana makonda hawataki wanafunzi, na kesho yake ikabidi nianze kuwafuata mmoja mmoja niwaambie kwamba siringi.