Nyota Zenye Mikia

Juzi binti yangu alisimama mbele ya ile picha iliyo juu ya kabati la vyombo, akaikazia macho kwa muda, kisha akauliza: "Baba, mbona nyota zote zina mikia, na mikia yote imeelekea upande mmoja?" Nilimjibu kwamba babu yake, yaani mjomba wangu, aliacha kuzungusha darubini. Jibu hilo ni la kweli, lakini tangu nilitoe halijaniacha nitulie, kwa sababu ya yale niliyoyabakiza.

Ilikuwa Januari 2015, usiku usio na mwezi, uani kwa mjomba kule Tongoni, ambako giza ni zito kuliko popote ndani ya mji wa Tanga. Darubini yangu ni ya vioo, ya muundo alioubuni Isaac Newton mwaka 1668: kioo kikuu chenye kipenyo cha milimita 130 kimekaa chini ya bomba, na kioo kidogo karibu na mdomo wake kinaipindisha nuru itokee ubavuni. Kwa macho ilinitosha kabisa. Kwa kamera ilinitaabisha miezi mingi, kwa kuwa nuru ilikuwa ikikutana ndani mno, mahali ambapo kamera haikuweza kufika, mpaka fundi mmoja wa Ngamiani aliponitafutia skrubu ndefu zaidi tukakipandisha kile kioo kikuu ndani ya bomba.

Taabu ya pili ilitokana na mahali tunapoishi. Ili darubini ifuate mwendo wa nyota, mhimili wake hauna budi kuelekea ncha ya kusini ya anga, pale ambapo nyota huonekana kupazunguka, na sisi wa Tanga, tulio nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, ncha hiyo tunaiona chini kabisa karibu na upeo, nyuma ya minazi. Kitako cha darubini yangu kilitengenezewa watu wanaokaa mbali na Ikweta, kwa hiyo hakikukubali kulala kiasi hicho. Mjomba, aliyekuwa nahodha wa jahazi kwa zaidi ya nusu ya umri wake na ambaye hakuwahi kumwita seremala nyumbani kwake, alichonga kabari ya mvule, akaisukuma chini ya kitako, akainama kuangalia kwa jicho moja, akaitoa, akaipunguza kidogo kwa randa, akairudisha. Ikakaa. Mota ya kuizungusha darubini nayo ilikuwa imeshaharibika, basi tukakubaliana kwamba yeye atazungusha kwa mkono na mimi nitafyatua kamera.

Lakini mahali hapo hapo palipotutaabisha ndipo palipotupa neema. Nebula ya Jabari (Orion), lile wingu la gesi na vumbi lililo chini ya zile nyota tatu zilizopangana, hupita karibu sawa na utosi wa mtu aliyesimama Tanga, ambako nuru yake inapenya hewa kidogo kuliko kwingine. Saa nne usiku ilikuwa juu yetu kabisa.

Mjomba aliketi kwenye kigoda, kichwa amekiinamisha kwenye lenzi ya pembeni ya darubini ndogo ya kuongozea, akaishika nyota moja katikati ya nyuzi za msalaba na kuizuia isitoke. Sekunde thelathini kwa kila picha. Nilimweleza kwamba Mmarekani Henry Draper, aliyeipiga nebula hiyo picha ya kwanza mwaka 1880, aliacha bamba lake la picha wazi kwa dakika 51. Alicheka kidogo, akasema, "Mjomba, mimi nimeshika usukani toka magharibi mpaka alfajiri."

Picha ya kwanza ilipotokea kwenye kamera nilimwita aione. Kwa jicho, hata ndani ya darubini, nebula ile ni ukungu wa kijivu tu. Kamera ndiyo inayokusanya wekundu wa haidrojeni inayong'aa kwa nguvu ya nyota changa zilizo ndani yake. Mjomba alikishika kile kioo kidogo cha kamera kwa mikono miwili, kama mtu aliyepokea kikombe kilichojaa. Nilimwambia nuru ile imesafiri miaka kama 1,300, kwamba iliondoka huko kabla hata ule msikiti wa Tongoni haujajengwa, huu ambao leo tunaita magofu. Hakulijibu hilo. Aliuliza tu, "Hii ilikuwepo siku zote?"

Nikamwambia ndiyo.

Akarudi kwenye kigoda, tukaendelea. Ilikuwa picha ya kumi na moja. Nilihesabu kimya kimya, na nilipofika ishirini nikaona mkono wake umesimama. Alikuwa ameondoa jicho kwenye lenzi, ameegemeza kisogo ukutani, anatazama juu kwa macho yake matupu, mdomo umefunguka kidogo. Kamera ilikuwa bado wazi. Ningeweza kumwambia, "Mjomba, zungusha," na picha ingeokoka. Sikusema. Nilihesabu mpaka thelathini, nyota zikiondoka taratibu mahali pake, kila moja ikivuta mkia wake kuelekea magharibi.

Baadaye umande ukalowesha kioo kidogo cha darubini, tukafunga vyombo. Mjomba alifariki masika ya mwaka uliofuata. Ninazo picha kumi safi za usiku ule, nyota zake ni vitone vya mviringo, na zikiunganishwa kwa programu zingetoa nebula yenye kina kuliko hii ya ukutani. Sijaziunganisha mpaka leo, na sijui kama ni mapenzi au ni uvivu niliouvika jina la mapenzi.

Binti hakuridhika na jibu langu. Alitaka kujua babu aliacha kuzungusha ili atazame nini, wakati darubini ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi. Nilimtoa uani tukatazama juu, lakini ni Julai, na Jabari hayupo angani jioni.