Nafasi ya mtu mmoja upande wa kulia

Mwaka wangu wa pili kwenye timu ya ridhaa ya wanawake ya mbio za baiskeli nilimwacha mwenzangu kwenye upepo. Nilikuwa mbele, yeye nyuma ya gurudumu langu, nikakanyaga pedali kwa nguvu zangu zote nikiamini namsaidia. Niliposikia jina langu na kugeuka, alikuwa ameshaachwa mita ishirini, kichwa chini, na wale wa nyuma yake wakimpita mmoja mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa na kasi ya kushindania mita za mwisho. Sisi wengine wanne tulikuwa pale kwa ajili yake.

Kwa asiyewahi kukimbia, nieleze kidogo. Kwenye mbio za barabarani unapigana na hewa kuliko unavyopigana na watu. Ukikaa nyuma ya mwenzako, shubiri mbili tatu kutoka gurudumu lake, unaweza kuokoa karibu theluthi ya nguvu zako. Upepo wa mbele hausumbui akili: mnajipanga mstari, mnapokezana kukaa mbele. Ule wa ubavuni ndio unaokata watu. Ukitoka kushoto, kinga inahama, inakuwa nyuma kulia kwa aliyekutangulia. Kwa hiyo kundi linajipanga mshazari, kila mtu nyuma ya bega la kulia la mwenzake. Lakini barabara ina upana wake. Ikitosha watu watano, wa sita anabaki ukingoni, anapigwa upepo mwili mzima, na atavumilia dakika chache tu kabla hajakatika.

Siku ile upepo ulitoka kushoto, nami nilivuta nikiwa nimebana ukingo wa kulia kabisa. Nyuma kulia kwangu kulikuwa na majani. Mwenzangu hakuwa na pa kuweka gurudumu lake.

Baada ya mbio nahodha wetu hakunifokea. Alichukua chupa tano za maji, akazisimamisha kwenye lami mshazari, kila moja ikijificha nyuma ya nyingine. Kisha akaichukua ile ya kwanza, akaisogeza mpaka kwenye mstari mweupe wa pembeni, na akaniambia nizipange nyingine nne upya. Niliweka ya pili, ikatoka nje ya lami. Nilibaki nimechuchumaa na chupa tatu mkononi.

"Kwa nini ulikwenda pembeni, dada?" akaniuliza. Jibu nililijua nikaona aibu kulisema. Kwetu tunaendesha upande wa kulia, na miaka yote mazoezini nimejibana ukingoni kuyapisha magari, na kuwapisha wanaume wanaotaka kupita hata pale ambapo sikuwa nawazuia. Mwili ulifanya ulichozoea. Barabara siku hiyo ilifungwa, yote ilikuwa yetu, na mimi bado nilikuwa naomba radhi kuwa juu yake.

Kujibana huko kunafundishwa kwa mengi. Mara nyingi tunaanzishwa dakika chache nyuma ya wanaume wa daraja la chini, kwa kuwa sisi ni wachache. Siku ile tulikuwa kumi na saba. Tukiwafikia, mwamuzi wa pikipiki anakuja na filimbi: ni marufuku kujikinga nyuma yao. Tunatakiwa kupunguza au kupita kwa mkupuo mmoja, na shambulizi ulilolipanga wiki nzima, yaani kuchomoka ghafla mbele ya kundi, linafia hapo. Linaniudhi jambo hili na sitaacha kulisema kwenye mikutano ya waandaaji. Tupeni muda wetu kwenye ratiba, hata kama ni alfajiri.

Na kiti, kwa kuwa hakuna anayekizungumza. Miezi minne niliendesha nikiwa na ganzi na michubuko nikidhani ndiyo bei ya mchezo wenyewe. Nahodha ndiye aliyeniuliza waziwazi. Tulipima upana wa mifupa ya makalio, tukatafuta kiti kipana zaidi chenye uwazi katikati, tukainamisha pua yake kidogo sana, na maumivu yakaisha ndani ya wiki mbili. Kama unasoma haya na unavumilia kimya, muulize aliyekutangulia kwenye timu.

Sisi wa ridhaa hatuna redio za masikioni. Tuna sauti tu, na sauti inapotea upepo ukivuma. Ndiyo maana naikumbuka sana Julai 25, 2021, mbio za wanawake za Olimpiki ya Tokyo, kilomita 137. Anna Kiesenhofer wa Austria, mwanahisabati asiyekuwa na mkataba na timu yoyote ya kulipwa, alishambulia tangu mwanzo kabisa, na mwishoni akabaki mbele peke yake. Olimpiki nayo hairuhusu redio. Annemiek van Vleuten wa Uholanzi alivuka mstari mikono juu akidhani dhahabu ni yake, kumbe Kiesenhofer alikuwa ameshafika dakika moja na sekunde 15 kabla. Wengi husimulia habari ile kwa ujasiri wa mtu mmoja. Mimi huwafikiria pia Waholanzi wanne, bora kabisa duniani, ambao taarifa moja haikuwafikia.

Kwa hiyo tulifanya mazoezi ya kusema. Kila Jumapili, miezi mitatu, watano kwenye barabara tupu yenye upepo. Neno moja kwa kila jambo. "Kushoto" ni upepo unakotoka. "Pengo" ni kuna aliyeachwa, punguza. "Nimo" ni la yule wa mwisho, akishapata kinga.

Upepo ulirudi kwenye mbio za mwisho wa msimu, kilomita ya 41, baada ya kona inayofungua uwanda. Nahodha alisema "kushoto" na mimi nikaenda kushoto, mpaka karibu na ukingo wa upande ule, mahali ambapo kila kitu ndani yangu kiliniambia sina ruhusa ya kuwapo. Nilijua sijabakiza nafasi ya mtu wa sita. Nikapiga pedali. Nyuma yangu nilisikia minyororo ikishuka gia moja baada ya nyingine, kisha sauti yake, yule niliyemwacha: "Nimo."

Nilivuta zamu zangu hadi kilomita ya 52, kisha miguu ikakataa. Kati ya wote kumi na saba, tisa walibaki mbele, watatu wao wetu. Mimi na mwenzangu mwingine tulimaliza nyuma sana, tukipokezana bila kusema neno.

Yule wa "nimo" alikuwa wa pili, kwa nusu gurudumu. Alikasirika, na alikuwa na haki. Nilimkuta ameegemea baiskeli, chumvi imekauka mashavuni, akirudia mita mia za mwisho kwa mikono: hapa nilifyatuka mapema, hapa alinipita. Tulisimama pale mpaka jua likatuchoma. Halafu akaokota chupa yake, akaiweka kwenye lami, akanyoosha mkono kuomba yangu.

"Tuanzie kwenye kona," akasema.