Kwani Wazungu hawajui kuandika?

Swali hili baba mkubwa ameniuliza likizo nne mfululizo, na kila mara analiuliza kama ndiyo mara ya kwanza. Tunakuwa tumekaa nje, nyumbani kwake Kizota, upepo wa Julai unatupulizia vumbi la Dodoma mpaka ndani ya chai. Ananisubiri nimeze kwanza.

"Mwanangu, hebu nieleze tena. Huko Marekani unafundisha nini?"

"Nafundisha kuandika, baba."

"Kuandika nini?"

"Insha. Wanafunzi wa chuo, mwaka wa kwanza."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza."

Hapo anageuza kikombe, anawatazama waliopo mmoja mmoja kama hakimu anayetafuta mashahidi. "Kwani Wazungu hawajui kuandika Kiingereza chao?"

Uwanja mzima unacheka, nami nacheka, maana hata mimi nikilifikiria vizuri naona kichekesho. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, Kiingereza cha kusomea karibu masomo yote nikakutana nacho kidato cha kwanza kama wengi wetu, halafu leo nimepanda ndege kwenda kuwafundisha wenye lugha yao. Ni kama mtu atoke Ohio, jimbo la Marekani ninakofundisha, aje kumwelekeza mama yangu namna ya kupika mlenda.

Lakini jibu ni hilohilo: hawajui, na wao wenyewe walishakiri zamani. Mwaka 1874 chuo cha Harvard kilianza kuwapa vijana wanaoomba kujiunga mtihani wa kuandika. Hao walikuwa watoto wa watu, wametoka shule za gharama, na bado walimu walipozisoma karatasi walishika vichwa. Kufika 1885 somo la kuandika lilikuwa limeshushwa hadi mwaka wa kwanza, na vyuo vingine vikafuata. Hadi leo, kwenye vyuo vingi vya Marekani, uwe unasomea uhandisi, unesi au biashara, hupiti mpaka uwe umekaa kwenye darasa la uandishi. Darasa hilo ndilo linalonilisha mimi.

Nyuma ya darasa hilo kuna taaluma kongwe ambayo Waswahili tuna jina lake zuri kuliko la Wazungu: balagha. Kumshawishi mtu kwa maneno. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisema msemaji ana silaha tatu: yeye mwenyewe anavyoaminika, moyo wa anayemsikiliza, na hoja yenyewe ilivyokaa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikumbuka vikao vya ukoo. Sikumwambia mtu.

Nilianza kufundisha kwa mlango wa nyuma, kama wengi. Nilipata ufadhili wa shahada ya uzamili kwa sharti kwamba nitafundisha darasa moja kila muhula. Nikapewa mafunzo ya siku chache, ufunguo wa ofisi tuliyochangia watu sita, na orodha ya majina ishirini na mbili. Siku ya kwanza kijana mmoja aliyevaa kofia aliniuliza kwa heshima kabisa kama najua mwalimu anakuja saa ngapi. Nikamwambia ameshafika.

Kabla ya kuwafundisha wao ilibidi kwanza nifundishwe mimi. Insha yangu ya kwanza ya uzamili niliiandika kama tulivyozoeshwa nyumbani. Nilianza na maana ya maneno. Kwa mujibu wa mtaalamu huyu, dhana hii ni hivi. Mwingine anasema vile. Wa tatu akaungana na wa kwanza. Nikaweka methali. Nikaja kwenye historia ya jambo. Hoja yangu mwenyewe ikatokeza ukurasa wa nne, imechoka, imejaa vumbi la safari. Profesa hakuandika maneno mengi. Pembeni mwa kila aya alirudia swali moja kwa penseli: Unaelekea wapi? Aya ya pili, unaelekea wapi? Aya ya tano, unaelekea wapi? Nilikasirika siku tatu. Kwetu mtu anayeuliza hivyo mgeni hajamaliza hata kusalimia anaonekana hana malezi.

Basi nikajifunza. Hoja kuu inakaa aya ya kwanza, mwishoni mwa aya. Kila aya inayofuata inabeba sababu moja, ushahidi wake, na maelezo ya kwa nini ushahidi huo ni ushahidi. Baada ya miaka miwili nilikuwa naandika hivyo usingizini, na mimi ndiye niliyekuwa nawaandikia watoto wa watu pembeni: unaelekea wapi?

Kwenye somo la nadharia tukaonyeshwa michoro maarufu ya Robert Kaplan, mwanaisimu wa Marekani. Mwaka 1966 bwana huyu alisoma insha za Kiingereza zilizoandikwa na wanafunzi wa kigeni, akachora namna kila jamii inavyopeleka fikra zake. Mwingereza alipewa mstari ulionyooka, unashuka kama mvua. Watu wa Mashariki ya Mbali wakapewa mzunguko unaojikunja kuelekea ndani. Wasemaji wa lugha za Kisemiti, kama Kiarabu, mistari inayokwenda ikirudi. Wasemaji wa lugha zilizotokana na Kilatini, kama Kifaransa na Kihispania, pamoja na Warusi, mistari iliyopinda. Michoro mitano, basi. Baadaye alikosolewa sana, na yeye mwenyewe akalegeza msimamo, lakini mchoro ukishaingia kichwani hautoki. Nilichokiona mimi siku ile ni kwamba Mwafrika hakuwemo. Hata kupindishwa hatukupindishwa.

Mwalimu wetu, mama mwenye busara, akaniuliza ningechora nini kwa ajili ya kwetu. Nikaenda ubaoni nikachora njia ya ng'ombe. Aliyekulia Ugogo anaijua: inaanzia zizini, inakwepa miiba, inazunguka mbuyu, inapita shamba la jirani kwa mbali ili kusiwe na kesi, na ukiifuata inakufikisha majini. Wenzangu walicheka, nami nilidhani nimetania tu.

Kazi yenyewe ya kila siku haina utukufu. Madarasa matatu, wanafunzi sitini na kitu, kila mmoja insha nne kwa muhula, kila insha na rasimu mbili. Piga hesabu. Nakaa na mwanafunzi mmoja mmoja dakika kumi na tano, tunaisoma rasimu yake kwa sauti. Siku hizi kuna wanaoleta kazi ya akili mnemba, sentensi zote zimechanwa nywele, hakuna hata moja yenye jasho. Nawauliza maswali mawili wanakiri wenyewe. Rafiki yangu anayefundisha stadi za mawasiliano hapa nyumbani ananionea wivu. Darasa lake ni ukumbi mzima na kipaza sauti, rasimu hawezi kusoma hata kama angetaka. Mimi namwonea wivu yeye ajira ya kudumu. Huko kwetu ughaibuni wengi tunaofundisha uandishi tuko kwa mikataba, na wengine wanalipwa kwa kozi kama kibarua anayelipwa kwa tuta. Nyumbani wakisikia profesa wanadhani mambo yamenyooka.

Sasa nije kwenye barua.

Likizo iliyopita nilishuka Dar, nikapanda treni ya umeme. Safari ambayo zamani kwa basi ilikuwa inakula siku nzima, sasa hata usingizi haukolei. Nafika Kizota nakuta mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, amepata mchumba Mpwapwa na inatakiwa barua ya posa. Kila mtu akanigeukia. Profesa wa kuandika amefika, tunahangaika nini?

Nikaona raha, kusema kweli. Nikaomba karatasi. Kwa dakika ishirini nikawa nimemaliza, mwandiko mzuri, ukurasa mmoja. Naiweka hapa kama ilivyokuwa, mjue aibu yangu:

"Sisi familia ya kijana tunaandika kumwomba binti yenu aolewe na kijana wetu. Tunaomba hivyo kwa sababu tatu. Kwanza, vijana wamefahamiana kwa miaka miwili. Pili, kijana ana kazi na makazi. Tatu, tunaamini familia zetu zinalingana kwa malezi."

Baba mkubwa alivaa miwani. Akasoma mara moja, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe kama kitu cha kuzuia kikombe kisitikisike.

"Hii ni barua ya kudai deni," akasema. "Imebaki tu kuandika kwamba wasipojibu tutaonana mahakamani."

Nikajitetea kwamba iko wazi, haimpotezei mtu muda. Baba mkubwa alifanya kazi posta ujana wake wote. Akanijibu taratibu, "Simu ya maandishi, telegramu, nilikuwa naitoza kwa neno, mwanangu. Kila neno hela. Hapo ndipo watu walikuwa wanaandika kama wewe: mama amefariki njoo. Barua ya posa haitozwi kwa neno. Chukua kalamu."

Akaanza kunisomea, mimi naandika. Akasalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, kwa wazee wa nyumba ile wote kwa ujumla wao. Akauliza kama mvua za mwaka huu ziliwaachia chochote ghalani. Akaeleza sisi ni akina nani, wazee wetu walitokea Mvumi, nani alizaa nani, nani alioa upande gani, na ni wapi kule Mpwapwa tuna watu wanaoweza kuulizwa habari zetu. Nusu ukurasa ulikuwa umekwisha. Ndipo akaingia, kwa pembeni:

"Siku za karibuni kijana wetu alipita maeneo ya kwenu, na tangu arudi hatulii. Tulipomuuliza akasema ameona ua kwenye bustani yenu. Sisi ni wageni, desturi za bustani hiyo hatuzijui. Tunauliza kama ua hilo lina mwenyewe, na kama halina, tunaomba kukaribishwa tuje tusalimiane."

Akanyamaza. "Umeona neno kuoa hapo?"

"Sijaliona."

"Na binti umemtaja?"

"Hapana."

"Sasa wao wakitaka kukataa, watasema ua limeshachumwa. Basi. Hakuna aliyeombwa akakataa, hakuna aliyetukanwa, kesho tukikutana mnadani tunasalimiana. Wewe umewaambia tunataka binti. Umewafunga mikono. Wamebaki na ndiyo au hapana. Mtu mzima unamwachia mlango wa tatu."

Nilikaa pale na kalamu yangu. Nilikumbuka barua pepe niliyopata mwaka juzi kutoka chuo kimoja nilichokuwa nafundisha: mistari mitatu, kwamba muhula ujao kozi zangu mbili hazitakuwepo, pamoja na kiungo cha kurudishia ufunguo. Hoja kuu ilikuwa sentensi ya kwanza, hakuna neno la ziada. Kwa vigezo vyangu ningeipa alama ya juu kabisa. Na niliisoma nimesimama kwenye foleni ya duka, na mkate mkononi, nikashindwa kujua hata nimjibu nani.

Barua ikaandikwa upya kwa mwandiko wa baba mkubwa mwenyewe, maana wangu ulisemwa una haraka hata kwenye herufi. Ikawekwa kwenye bahasha na noti mpya, hela ya kufungulia barua, akapewa mshenga apande gari la asubuhi.

Nikarudi na nakala yake Ohio. Septemba niliitafsiri, nikaigawa darasani bila maelezo, nikawaambia watafute hoja kuu. Walihangaika. Mmoja alisema ni mvua. Mwingine alisema mwandishi ni mfanyabiashara wa maua na amepotea njia. Kijana mmoja mwenye akili nyingi akasema barua nzima ingeweza kufupishwa kuwa sentensi moja, akaniandikia sentensi hiyo, na ilikuwa karibu neno kwa neno ile yangu ya Kizota. Ndipo binti aliyekaa nyuma, mtoto wa wakulima wa mahindi, ambaye tangu muhula uanze hakuwa amefungua mdomo, akasema, "Wanaomba kitu kikubwa. Babu yangu akitaka kuazima trekta kwa jirani anaanza na hali ya hewa, anamaliza nusu saa, na trekta hajalitaja. Jirani ndiye anayelitaja."

Kaplan na mstari wake ulionyooka angepita Ohio vijijini, nadhani angerudi mezani kuchora upya.

Tuliongea saa nzima na dakika kumi zaidi, jambo ambalo kwa vijana wa miaka kumi na minane wenye njaa ya mchana si dogo. Aliyeandika sentensi moja hakukubali mpaka mwisho. Alisema mtu wa Mpwapwa naye ana shughuli zake. Nikamwambia ana haki, ila aandike barua hiyo kwa baba wa binti anayemtaka yeye, halafu tuione. Hajaileta.

Majibu ya Mpwapwa yalikuja baada ya wiki tatu. Wamepokea salamu, mvua zilikuwa za wastani, ua lipo, wageni wanakaribishwa. Sasa inatakiwa barua ya pili, ya kupanga siku ya kwenda kuzungumza mahari, na baba mkubwa safari hii macho yanamsumbua. Akanitumia ujumbe wa sauti kwamba niandike mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, ila nimtumie kwanza asomewe.

Niliandika Jumamosi nzima. Nikaanza na salamu, nikauliza mifugo, nikapita kwa mzee wetu wa Mvumi, nikamshukuru mshenga, siku tunayoitaka nikaifikisha aya ya nne. Nikapiga picha kurasa mbili, nikazituma.

Jibu lilikuja alfajiri ya kwao, kuku wanawika nyuma ya sauti yake. "Mwanangu, nimesomewa. Ni nzuri. Lakini bado umeharakisha. Hiyo siku ipeleke ukurasa wa tatu."