Masikio yamepimwa yakaonekana mazima, mtoto bado haelewi: nilivyopanga darasa

Majibu ya kipimo yalisema mtoto anasikia vizuri: milio yote aliipata kwenye desibeli 20 (kizio cha ukubwa wa sauti) au chini yake, yaani hata ile hafifu. Lakini darasani, ukimwambia "fungua ukurasa wa 14, fanya zoezi la pili, kisha lete daftari," anafungua ukurasa na kubaki akiwatazama wenzake. Kelele ikizidi, "bata" na "pata" kwake ni neno moja.

Kipimo kile hufanyika kwenye ukimya. Kinaonyesha sikio linapokea nini, si ubongo unavyoichambua sauti katikati ya kelele. Hilo lina vipimo vyake: maneno yaliyochanganywa na kelele, tarakimu tofauti zinazoingia kila sikio kwa wakati mmoja, pengo fupi la ukimya ndani ya mlio, mpangilio wa milio ya juu na ya chini. Kwa kawaida mtoto hungojewa afike miaka 7, maana kabla ya hapo majibu huyumba mno. Ulizieni pia lugha ya kipimo. Mtoto wa Kiswahili akisomewa maneno ya Kiingereza, kinachopimwa ni Kiingereza chake. Na kwanza ihakikishwe hakuna ute nyuma ya ngoma ya sikio.

Sikungoja vipimo vyote ndipo nianze. Sauti ya mwalimu ikiwa desibeli 65 umbali wa mita 1, kila umbali unapoongezeka maradufu hupungua takriban 6. Mita 4 inabaki 53, na darasa lenyewe linaunguruma 55: sauti imeshamezwa. Mtoto huyu anahitaji sauti iipite kelele kwa 15 hivi. Kwa hiyo nilimsogeza mbele, mbali na dirisha la barabarani, nikavalisha miguu ya viti vipande vya ndara zilizochakaa, nikatundika mapazia mazito kupunguza mwangwi.

Kupaza sauti hakusaidii, nami nalisisitiza hili kwa kila mwalimu: ukipiga kelele irabu ndizo zinazovimba, konsonanti zinazotofautisha maneno zinabaki nyuma. Mtazame, sema agizo moja, nyamaza kidogo, mwambie alirudie kwa maneno yake. Asipolipata, libadilishe maneno badala ya kulikariri vilevile. Usizungumze ukiwa umeelekea ubao.

Maikrofoni ya mwalimu inayotuma sauti moja kwa moja masikioni mwa mtoto hufanya kazi vizuri zaidi, ila bei yake ni kubwa. Mvua ikipiga mabati, naacha kuzungumza kabisa na kuandika ubaoni.