Mbio bila watu pembeni

"Mbio bila watu pembeni ni kujichosha tu, shemeji."

Alisema hivyo mume wa dada yangu, Jumapili pale Bwiru, hapa Mwanza, akichambua miiba ya sato, wala hakuinua uso. Dada alikuwa jikoni. Nikasema, "Hata hivyo binti yako anakwenda." Akajibu, "Aende," akaomba pilipili. Basi, yakaishia hapo. Tangu siku hiyo mkuu wetu wa shule amehamishwa, mitihani ya moku ya kidato cha nne imesahihishwa yote, binamu wa Geita ameolewa, na mimi bado niko na ile "aende" yake. Ninaisikia nikipanga foleni ya benki. Ninaisikia nikikagua madaftari.

Angesema mtu mwingine isingeniuma. Lakini huyu ni baba yake binti, tena ni mstaafu wa jeshi, na mbio zenyewe, marathoni kule Marekani, ziko kambini. Ni yeye aliyetujaza majina haya kichwani tangu dada alipoolewa: Filbert Bayi, mwanajeshi, na rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, Juma Ikangaa, mwanajeshi, wa pili marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na katikati yake akashinda New York 1989 kwa saa 2:08:01. Alphonce Simbu, mwanajeshi naye, alipotwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo Septemba 2025 kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde, shemeji alitupigia simu nyumba nzima, mmoja mmoja. Na hadithi ya John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, goti limeumia, anaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi wakati watu wengi wameshaondoka, tuliipata kwake. Sasa Akhwari naye alikuwa anajichosha tu? Hilo ndilo nililopaswa kumjibu. Limenijia Jumatatu, niko darasani.

Mliosoma ya mwezi uliopita mnajua binti anaenda wapi. Ni marathoni ya Jeshi la Anga la Marekani, kambi ya Wright-Patterson, karibu na Dayton, Ohio. Ilianza 1997, jeshi hilo lilipotimiza miaka 50. Mahali penyewe pana historia yake: ndani ya eneo la kambi kuna uwanda wa Huffman, ambako ndugu wawili wa Wright, waanzilishi wa ndege, walirusha ndege yao mwaka 1904 na 1905 mpaka wakajua kuikata kona.

Na shemeji, kwa upande mmoja, kasema kweli. Ndani ya kambi watazamaji ni wachache. Mtu haingii tu kwa sababu amesikia kelele. Anayekimbia mbio za Rock City hapa kwetu Mwanza hapati hata nusu kilomita ya upweke: vijana wa bodaboda wanampigia honi, mama ntilie anapunga mwiko, watoto wanakimbia naye pekupeku hadi wachoke. Kambini kuna uzio, nyasi zilizokatwa, maghala makubwa ya ndege na barabara iliyonyooka hadi macho yanachoka. Kwa hiyo tangu Jumatatu, badala ya kumjibu shemeji, nimekuwa nikimwandikia binti. Naweka hapa niliyomwambia, maana wapo mlioomba.

Mahali pasipo na watu, kasi hupotea bila mwenyewe kujua. Mwili hupima mwendo kwa vitu vinavyopita pembeni: nyumba, miti, nyuso. Vikikosekana, wengine huongeza kasi maili za mwanzo kwa sababu wanahisi hawasogei, na wengine hupunguza maili za mwisho wakidhani bado wako vilevile. Dawa ni kupima kwa namba, siyo kwa hisia. Lengo lake ni saa 4 na nusu, yaani dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita. Lakini vibao vya Marekani vimeandikwa maili, 26.2 kwa jumla, na mtu aliyekimbia saa tatu hana akili ya kugeuza maili kuwa kilomita. Kwa hiyo ni 10:18 kwa maili, na aandike mkononi kwa kalamu isiyofutika na jasho: maili 5 kwa 51:30, maili 10 kwa 1:43:00, nusu kwa 2:15:00, maili 20 kwa 3:26:00. Nne zinatosha. Ukiandika zote 26 hutasoma hata moja.

Maili tatu za kwanza aende 10:30. Atapoteza sekunde 36 tu, na hizo hurudi zenyewe. Kinachowaponza wengi kwenye mbio za jeshi la anga ni kwamba kwa kawaida mwanzoni ndege za kivita hupita juu ya vichwa. Ule mngurumo unaingia hadi kifuani, mtu anaondoka mbio kama swala, na deni lake analilipa maili ya 18. Mngurumo ukipita, aangalie saa kabla ya kuangalia mbele.

Saa yenyewe nayo isimtie hofu ikisoma kilomita 42.6 badala ya 42.2. Njia hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio, ikifuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona, halafu huongezwa sehemu moja ya elfu, takriban mita 42, ili isije ikaonekana fupi. Hakuna anayeukimbia mstari ule kamili katikati ya umati. Aamini vibao.

Halafu upepo. Njia ya kurukia ndege hujengwa kufuata upande ambao upepo huvuma mara nyingi, ili ndege ipae ikiukabili. Baadhi ya barabara za kambi ya anga huenda sambamba na njia hiyo. Kwa mkimbiaji maana yake ni upepo wa usoni kwa kilomita kadhaa bila kona ya kupumulia, kisha wa mgongoni kwa nyingine kadhaa. Ukiwa usoni, akae nyuma ya mtu mrefu, hatua moja au mbili, na aache kasi ishuke. Ukiwa mgongoni asijaribu kurudisha zote. Wa mgongoni haulipi chote kilichochukuliwa na wa usoni.

Msomaji mmoja aliuliza kuhusu mbio zinazopita juu ya njia ya kurukia yenyewe. Zipo kambi zinazofanya hivyo, na hapo mambo hubadilika. Zege ni gumu kuliko lami, na mapaja husikia hilo baada ya saa ya pili. Uso wake mara nyingi hukatwa vijifereji vya kupitisha maji, milimita 6 hivi kwa upana na kina, kila sentimita 4 kimoja, vikikatiza upana wa njia. Kwenye soli nyembamba utavihisi kimoja kimoja. Ndege zinapogusia chini kuna weusi wa mpira uliosagika kutoka kwenye matairi. Ukilowa manyunyu unateleza kuliko vigae vya bafuni. Hapo unafupisha hatua, hukati kona. Na usidondoshe kitu. Pini iliyochomoka kwenye namba ya kifuani, au karatasi ya jeli (ule uji mzito wa sukari wa wakimbiaji), ikivutwa na injini ya ndege inaweza kuiharibu. Ndiyo maana namba nashauri ivaliwe kwenye mkanda, si kwa pini nne, na karatasi tupu zirudi mfukoni. Pia muda wa mwisho wa kumaliza huwa hauna huruma, kwa sababu uwanja wenyewe una kazi ya kurudia.

Getini sasa. Kambi ni kambi, hata siku ya sherehe. Begi liwe la plastiki inayoonyesha ndani, kitambulisho kiwe mkononi siyo chini ya nguo za kubadili, na picha zipigwe palipoandikwa ruhusa tu. Foleni ya magari huanza gizani. Chakula kiwe kimekwisha saa tatu kabla ya kuanza: mkate, ndizi, chai yenye sukari. Aliniuliza kuhusu matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambayo dada alimtumia. Ni wanga mzuri, lakini nyuzi zake ni nyingi mno kwa asubuhi ya mbio. Ayale Jumatano na Alhamisi, Ijumaa aache. Alfajiri ya Septemba kule ina baridi kuliko ya Mwanza, kwa hiyo avae fulana kuukuu juu, ya kutupa dakika tano kabla ya kuanza. Mafuta ya mgando kwapani, mapajani, na pale sidiria inapokwaruza mgongo. Wengi husahau mgongo, wakaja kuukumbuka bafuni.

Jeli ya kwanza dakika ya 35, kisha kila baada ya 35, zote saba azibebe mwenyewe. Kila moja ina gramu 25 hivi za wanga, hivyo anapata zaidi ya 40 kwa saa, na tumbo lililozoezwa linazipokea. Ainywee maji matupu, siyo kinywaji chenye sukari, la sivyo tumbo linagoma. Maji anywe kwa kiu. Anayekwenda taratibu ana muda wa kunywa kwenye kila meza, na maji yakizidi chumvi ya damu hushuka: kichwa kinauma, vidole vinavimba hadi pete inabana, mtu anapoteza fahamu huku wenzake wakimwongezea maji zaidi. Pete ikibana, aache kunywa na aende kwa wahudumu wa matibabu.

Aangalie pia bendera. Mbio nyingi za Marekani hutumia rangi nne za hali ya hewa: kijani, njano, nyekundu, nyeusi. Njano, apunguze. Nyekundu, asahau lengo lake la muda. Nyeusi, mbio zimesimamishwa, na hapo hakuna ubishi.

Upweke wenyewe unafanyiwa mazoezi kama mlima unavyofanyiwa. Kundi letu la mbio za Jumamosi hupitia Pasiansi, likaupita uwanja wa ndege na kuelekea Igombe, na kipande cha mwisho kila mtu huenda peke yake, bila muziki, akiachana na mwenzake mita 200. Wanakichukia. Binti kule amepata barabara iliyonyooka katikati ya mashamba ya mahindi, kilomita 2 kwenda na 2 kurudi, na kilomita 8 za mwisho za kila mbio ndefu amezifanyia hapo, akihesabu hatua mia, kisha mia nyingine. Wiki iliyopita kilomita yake ya mwisho ilikuwa 6:21. Huyo hajichoshi, shemeji. Huyo anafanya kazi.

Nilikuwa nimefika hapo, na nilikuwa nimekusudia kumtumia shemeji maandishi haya kama yalivyo, pamoja na hasira yake.

Alhamisi usiku simu ikaita. Kwa kawaida anayepiga ni dada.

"Saa moja asubuhi ya kwao, kwetu ni saa ngapi?"

"Saa nane mchana, shemeji."

Akanyamaza. Nikasikia redio yake nyuma, taarifa ya habari. Kisha akasema, "Mwambie, akipita getini akamkuta mlinzi amekaza uso, asidhani amechukiwa. Mimi nimesimama pale. Zilikuwa mbio za kikosi na wageni. Mikono iko kwenye silaha, hupigi makofi. Unawahesabu tu."

Nikamuuliza alihesabu mpaka wangapi.

"Wote," akasema. "Wa mwisho alikuwa mwanamke, amevua kiatu kimoja. Nilitaka kumwambia bado kidogo. Sikuweza."

Halafu akaanza kuuliza maswali, na hayakuisha upesi: viatu vina kilomita ngapi (320, nikamwambia, vimezoeleka na soli bado nzima), kucha amekata lini (akate Jumatano, siyo Ijumaa), soksi ni mpya au za zamani, nani atampokea mwisho. Alipofika kwenye jeli alitaka kujua ladha. Mzee huyu, ambaye Jumapili hakuinua uso kwenye samaki, aliniomba nimsomee zile namba nne za mkononi, na nikasikia kalamu ikiandika. Nilicheka peke yangu baada ya kukata simu, nikatoka nje, nikarudi, nikacheka tena. Usiku huohuo nikamwandikia binti habari ya mlinzi. Amejibu kwa moyo mmoja mwekundu, na swali: kule watakuwepo walinzi wangapi? Sijui, mwanangu. Wapungie wote.

Sikumtumia shemeji yale maandishi. Nimemtumia ratiba ya mbio, kwa saa zetu.

Kilichobaki kinaninyima usingizi kwa sababu nyingine kabisa. Mwembe wa uani umezidi kuinamia paa tangu upepo wa juzi, upande wa chumba cha mama, na ardhi chini ya mizizi imepasuka kiasi cha kuingiza vidole. Vuli imekaribia. Fundi wa msumeno anataka laki moja na nusu na anasema hawezi kuja kabla ya wiki mbili, na mama hataki kuhamia chumba cha mbele hata kwa usiku mmoja. Kama kuna mtu anamjua fundi mwingine huku Nyegezi, mwenye kamba za kutosha, aniandikie.