Dakika 20 Bila Maswali

Kabati la vitabu vya hadithi katika shule ninayofundisha hapa Eastlands, mashariki mwa jiji la Nairobi, lilikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulikaa katika droo ya mkuu wa idara, ambaye daima alikuwa mkutanoni. Nilipolifungua mara ya kwanza nilikuta riwaya zilizojalidiwa kwa plastiki, zenye muhuri wa shule, na kadi za kuazimia ambazo hazikuwa na jina hata moja. Zilikuwa zimetunzwa kama vyombo vya wageni ambavyo mama zetu huvipanga kwenye kabati la kioo.

Nikapewa kipindi cha mwisho cha Ijumaa kwa ajili ya kusoma hadithi, kisha nikayaharibu mambo mimi mwenyewe. Nilimtaka kila mwanafunzi wa kidato cha pili aazime kitabu, akisome, na aniandikie muhtasari wa ukurasa mmoja wenye wahusika na maudhui. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nikisahihisha maneno yaliyonakiliwa kutoka majalada ya nyuma. Mmoja wao alikuwa makini kiasi cha kunakili hata jina la mchapishaji.

Sikuwa na haki ya kuwalaumu. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, yenye alama 80, huwataka waeleze dondoo limesemwa na nani, kwa nani na wapi, nasi walimu huichambua riwaya teule mbele yao hadi ikabaki mifupa. Wapo wanaonunua mwongozo na kuingia mtihanini bila kuisoma riwaya yenyewe. Uchambuzi huo ni kazi yangu na siuachi. Kosa langu lilikuwa kuupeleka hadi Ijumaa alasiri.

Muhula uliofuata nilibadilisha utaratibu. Dakika 20 za kusoma kimya, bila muhtasari na bila swali lolote, na kitabu kisichomvutia mtu anakirudisha hata kama amefika ukurasa wa tano tu. Nami nakaa mbele nikisoma changu, jambo ambalo lilinishinda mwanzoni kwa sababu rundo la madaftari yasiyosahihishwa lilikuwa likinitazama.

Niliacha pia kuwachagulia. Nilienda kwa wachuuzi wanaotandaza vitabu vikuukuu kandokando ya barabara katikati ya jiji, nikanunua walivyoniagiza wanafunzi: hadithi za upelelezi, za kutisha, na za mapenzi zilizochakaa majalada. (Vingi ni vya Kiingereza, maana hadithi za vijana za Kiswahili zisizo za mtihani ni adimu pale, hilo ni lalamiko la siku nyingine.) Wavulana wa nyuma walitaka kurasa za michezo za gazeti la Taifa Leo, nikawaletea. Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba ninawalea katika uvivu, lakini mimi sijui namna ya kumwita mvivu msichana aliyemaliza kurasa 300 bila kutumwa na mtu.

Jumamosi moja tuliwapeleka wachache kwenye Maktaba ya McMillan katikati ya jiji, wakapigia picha wale simba wa mawe mlangoni, kisha wakanyamaza niliposema kwamba ilipofunguliwa mwaka 1931 ilikuwa ya Wazungu pekee. Kilichowashangaza zaidi ni kwamba ina matawi Kaloleni na Makadara, mitaa wanayopita kila siku.

Wiki iliyopita mwalimu wa Kemia aliniletea riwaya aliyomnyang'anya mvulana mmoja, ambaye alikuwa ameificha katikati ya kitabu cha Kemia, akataka nimwadhibu kwa kuwa mimi ndiye chanzo. Nilimwita mvulana huyo ofisini nikiwa nimeandaa maneno makali kidogo. Kabla sijayasema aliniuliza, kwa heshima zote, iwapo lile ganda la peremende lilikuwa bado kwenye ukurasa wa 112, maana ndipo alipokuwa amefika.

Lilikuwapo.