Tangawizi isiyoliwa

Dada yangu anayeishi Uingereza ana kiuga nyuma ya nyumba kisichopata jua, na humo amepanda tangawizi mwitu. Picha zake zimenitia wivu: majani yenye umbo la figo, yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta, yametandaa chini kimo cha shibiri, na hata theluji ikianguka ni kijani vilevile. Maua ya hudhurungi yamejificha chini ya majani, karibu yaguse udongo, na mbegu huchukuliwa na sisimizi. Kuna ndugu yake wa mashariki ya Marekani ambaye hupukutika wakati wa baridi. Huyu wa Ulaya hapukutiki.

Hana udugu na tangawizi yetu, ila mzizi wake ukipondwa hunukia hivyo. Tena una sumu inayoharibu figo, kwa hiyo chai tuisahau. Na hapa Kisauni, Mombasa, ungekufa tu. Unataka baridi, na udongo mweusi wenye unyevu. Sisi tumekaa juu ya matumbawe na mchanga.

Lakini wivu haukuisha. Chini ya mwembe wetu pamekuwa pa kutandika mkeka, basi. Tangawizi ya Marikiti huota pale vizuri masika yakianza, kisha baada ya miezi 8 au 10 majani hugeuka manjano na kulala, uwanja ukabaki mtupu. Nikachukua alpinia kwenye vitalu vya barabarani. Huyu ni wa ukoo wa tangawizi kweli, asili yake Asia ya Mashariki. Hurefuka kumpita mtu, haachi majani mwaka mzima, na maua yake huning'inia vishada vyeupe vyenye ncha za waridi, mfano wa simbi.

Kazi kubwa imekuwa udongo. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza kupanda mivinje kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi mwaka 1971, palikuwa jiwe tupu, na majongoo ndio waliokula majani yaliyoanguka wakayageuza mbolea. Basi nami nimeacha kufagia chini ya mwembe. Kwa mwanamke wa Mombasa, uwanja usiofagiwa ni aibu inayoonekana tangu barabarani! Jirani yangu, mtu mzima, alisimama akatazama majani, akamtazama jongoo mmoja mnene, akaniuliza, "Mwanangu, na huu mti waliwa?"

"Hapana, bibi."

"Watibu nini?"

"Sijaupandia dawa."

Akanyamaza kidogo. Kwao kuna mkilua, asumini na mrehani, na kila kimoja kina kazi yake nyweleni, kitandani au chunguni. Sikuwa na jibu zaidi ya kwamba napenda kuutazama mchana, jua likiwa kali. Naona latosha.

Vuli ikija nitagawa mizizi, nipande na upande wa ukutani. Mapipa ya kukinga mvua nishayaweka, maana maji ya kisima chetu ni ya chumvi na ncha za majani zimeanza kuungua.